Nipotezeeni Muda Wangu

Helsinki, Juni

Kaka yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Mpe Mama shikamoo yangu, na mguu aendelee kuukanda. Mimi mzima. Baridi huku imekwisha. Najua kwenu ndiyo inaanza.

Ujumbe wa mabati nimeupata. Elfu arobaini nimetuma jana, na fundi asilipwe zote kabla hajapanda juu ya nyumba, mnamjua. Hilo limekwisha.

Sasa lililo moyoni. Paa lilivuja usiku, na kabla ya adhuhuri nilikuwa na picha ya ndoo zimepangwa sebuleni. Bi Mwanaidi alifariki Aprili, mkamzika, mkasoma hitima, mimi nikaja kuambiwa Mei, tena na mpangaji. Nilipokuuliza ukasema hamkutaka kunisumbua, nina kazi nyingi. Kaka, jibu hilo limenichoma.

Yule mama alikuwa akija kwetu saa nne kuazima mbuzi ya nazi. Anakaa mkekani na Mama, wanachambua mchele, mara moto wa Gikomba, mara nani kamposa nani pale Majengo. Akiinuka ni saa saba, na mbuzi kaiacha pale pale. Kesho yake anaifuata, na mambo yanaanza upya. Hakuna aliyemwambia anatupotezea muda. Ndivyo alivyokuwa wetu, kwa saa zile ambazo hakuna aliyezihesabu.

Wewe hupenda kuniambia naishi kwenye nchi ya furaha. Kweli, tangu 2018 Wafini wanatajwa nambari moja duniani. Watu huulizwa wafikirie ngazi ya 0 hadi 10, kisha waseme maisha yao yamesimama kidato gani. Na hawasemi uongo. Basi linafika kwa dakika yake, karani hadai chai, mtoto mdogo anakwenda shule peke yake na mamake hana wasiwasi. Mimi mwenyewe ningejibu saba, labda nane, na sioni haya. Mtihani wa Kifini nimeupita, lugha ambayo nomino ina hali 15, na sasa nina kazi ya kudumu, nasimamia zamu kwenye nyumba ya wazee. Waambie wale waliosema nitarudi kabla ya mwaka.

Lakini ngazi hiyo haiulizi nani anaweza kubisha mlangoni kwako bila miadi. Hapa rafiki akitaka mnywe kahawa, mnafungua kalenda, inaangukia wiki ya pili. Ni adabu yao: muda wa mtu ni mali yake, hauguswi. Nimeizoea, hata nimeipenda. Ila mtu akiheshimiwa muda wake sana, mwishowe anabaki nao peke yake. Na ninyi mmeanza kunifanyia hivyo hivyo, mnanitunzia muda kama mgeni. Penye gharama mnaniita, penye kilio mnaninyamazia. Mimi hapo penye kilio ndipo ninapotaka kuwa.

Wala msisingizie saa. Wakishasogeza saa zao mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, hadi ile ya mwisho ya Oktoba, saa yangu na yenu ni moja. Kinachotofautiana ni jua tu: kwenu linazama saa kumi na mbili na nusu, hapa siku hizi Magharibi inakaribia saa tano usiku. Niko macho.

Pigeni Jumapili. Usiniandalie la kusema. Iweke simu mkekani karibu na Mama, muendelee na yenu, hata kama ni ugomvi wa tokeni za stima. Mimi nitasikiliza. Na kikao cha vyumba vya Baba kisikae bila mimi. Ninalo neno, na Baba Zuhura analijua.

Watoto wa Bi Mwanaidi wape pole yangu. Chao nimekituma kando leo asubuhi, usikichanganye na pesa za mabati.

Ni mimi dada yako