Faili halijapotea, liko kwenye akaunti nyingine

"Mwanangu, hela za watu zimepungua ndani ya kompyuta."

Ndivyo alivyoanza mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha VICOBA huko Makorora, hata shikamoo yangu hajaiitikia sawasawa. Kwenye simu, karatasi yake ya Excel ilionyesha hisa za wanachama mpaka Jumamosi iliyopita. Kwenye laptopu, karatasi hiyohiyo, jina lilelile, iliishia mwezi wa pili. Kikao ni kesho saa kumi jioni, na mwanachama mmoja alishaanza maneno ya pembeni.

Nikamwomba vyote viwili, nikavilaza mezani ubavu kwa ubavu. Kwenye simu, juu kulia, kuna kale kaduara chenye picha au herufi ya kwanza ya jina. Nikakagusa: Gmail yenye jina lake na mwaka aliozaliwa. Kwenye laptopu, kaduara kama hako, jina lake tena, ila mwishoni namba nyingine kabisa.

"Mama, hii ya pili ulifunguliwa na nani?"

Akawaza kidogo. "Yule kijana aliyeniuzia ile simu ya kwanza."

Pale kazi ilikuwa imeshafika nusu. Hela hazikupungua, na virusi havikuhusika. Alikuwa na daftari mbili zenye jina moja, kila moja kwenye akaunti yake, na kwa miezi kadhaa amekuwa akiandika kwenye moja na kusoma nyingine.

Hapa dukani kwetu Ngamiani, Tanga, hatumalizi wiki bila kesi ya namna hii. Kuna mteja aliyetutania kwamba mafaili yake ni ya Tanga kwelikweli, waja leo waondoka leo. Tukacheka, lakini ukweli ni kwamba faili lilikuwa limekaa palepale lilipowekwa. Aliyehama ni yeye.

Programu za kuhifadhi mafaili mtandaoni na kuyasawazisha (wengi tunasema kusinki), iwe OneDrive, Google Drive au Dropbox, hazikujui kwa sura wala kwa jina. Zinajua anwani ya barua pepe uliyoingilia. Fikiria masanduku ya posta: unaweza kukodi mawili, yote kwa jina lako, lakini barua iliyotiwa kwenye la kwanza hutaikuta ukifungua la pili, hata ukirudi kila siku. Programu nayo inaifunga folda iliyo kwenye kompyuta na akaunti moja. Ukiingia kwa akaunti nyingine, inakutengenezea folda nyingine, au inagoma na kukwambia folda hii tayari ni ya akaunti tofauti. Ujumbe huo ndio unaowatisha watu, kumbe unawaokoa. Kama isingegoma, mafaili ya ofisi na ya nyumbani yangechanganyika kama mchele wa magunia mawili.

Akaunti ya pili inatoka wapi? Wauza simu wanachangia sana. Mteja anataka simu iwake aende zake, kijana anamfungulia Gmail chapuchapu, paswedi anaiandika kwenye boksi la simu, boksi linaishia jalalani. Wengine wanazidiwa na nafasi. Google inatoa GB 15 bure, lakini hizo wanagawana Gmail, Drive na picha. OneDrive ya bure ni GB 5, Dropbox GB 2. Picha za harusi moja zikiingia, nafasi kwisha, na badala ya kusafisha mtu anafungua akaunti mpya. Halafu kuna laptopu za mtumba. Unainunua ikiwa na akaunti ya mwenyewe wa zamani, unaanza kufanya kazi, na kila unachohifadhi kinapanda kwake. Tumeshaiona hiyo kwa wakala wa forodha: nyaraka za mizigo ya bandarini zilikuwa zinakwenda kwa mtu ambaye hata hamjui.

Kabla hujaja kwetu, fanya uchunguzi mdogo. Chini kulia, karibu na saa, kuna ikoni ya wingu ya OneDrive. Weka mshale juu yake bila kubofya, utasoma kama ni ya binafsi au ina jina la ofisi. Mtumiaji mmoja wa Windows anaruhusiwa akaunti moja tu ya OneDrive ya binafsi, ila za kazini au chuoni anaweza kuziongeza. Google Drive ya kompyuta inakubali mpaka akaunti nne kwa pamoja, na hapo ndipo watu wanapopotea, maana zote zinaonekana zinafanana. Kisha fungua brauza, ingia kwenye kila akaunti unayoikumbuka, tafuta faili kwa jina. Ukilikuta, pumua. Ukitumiwa linki ukaambiwa huna ruhusa, usimgombeze aliyekutumia kwanza. Pengine amekuruhusu kwa anwani moja na brauza imefungua kwa nyingine.

Usilopaswa kulifanya ni kufuta. Nalirudia kwa sababu ndilo linalotuletea kesi ngumu: mtu anaona folda mbili, anafuta moja ili "asafishe", na kwa kuwa folda inasinki, ufutaji nao unapanda mtandaoni na kushuka kwenye simu. Likishatokea, wahi. Taka za Google Drive hukaa siku 30, za OneDrive ya binafsi siku 30 pia, na za OneDrive ya kazini kwa kawaida 93.

Sisi tunaanza kwa kusimamisha kusinki, kisha tunanakili kila kitu kwenye diski ya nje. Hapa kuna mtego. Faili lenye alama ya wingu la buluu kwenye OneDrive halimo ndani ya kompyuta, ni jina lake tu linaloonekana. Lenye tiki ya kijani ndilo lililoshuka. Kunakili yenye wingu ni kuyapakua, na bando litaisikia. Baada ya hapo tunaitenganisha kompyuta na akaunti isiyo yake kwa kitufe cha "Unlink this PC" kilichomo kwenye mipangilio ya OneDrive. Kitufe hicho hakifuti kilicho mtandaoni, na mafaili yaliyokwisha kushuka yanabaki kwenye diski. Ndipo tunaingia kwa akaunti sahihi, na tunaipa folda mpya. Hatuirudii ya zamani.

Kuna siku nilijikwaa mwenyewe. OneDrive inaweza kuchukua Desktop, Documents na Pictures na kuzihamishia ndani ya folda yake ili zihifadhiwe. Nilikizima kipengele hicho kwenye laptopu ya mwalimu mmoja bila kumwonya. Desktop ikabaki tupu, pakasalia njia ya mkato ya kumwelekeza yalipo mafaili. Mwalimu akaishika meza. Mitihani yote ilikuwapo, ndani ya folda ya OneDrive, na tuliirudisha kwa dakika chache, lakini zile dakika sikuzipenda. Siku hizi nasema kwanza, nabofya baadaye.

Kinachobaki ni kuunganisha nakala mbili, na hapo hakuna mashine ya kukusaidia kuamua. Pamoja na yule mama tulifungua karatasi zote mbili, mstari kwa mstari, yeye na daftari lake la mkono, mimi na kipanya. Kumbe mwezi wa pili kuna marejesho mawili aliyaingiza kwenye laptopu tu. Laiti ningechukua ile ya simu kwa kuwa ni mpya zaidi, watu wawili wangeonekana hawajalipa.

Kwa wenye ofisi, jambo moja. Mfanyakazi akihifadhi kazi zenu kwenye Gmail yake, mafaili ni ya akaunti yake. Akiondoka yanaondoka naye, isipokuwa awahamishie umiliki kabla. Na akaunti ya Google ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, kwa hiyo ile ya zamani msiiache ilale.

Kuangalia tatizo ni bure, bei tunapatana baada ya kuona. Akaunti ambayo si yako hatuifungui, hata ukituapia. Laptopu ya mtumba yenye mafaili ya mtu tunaisafisha mbele yako, na yake hatuyasomi. Ukija, lete na simu yako, usilete laptopu peke yake, maana namba za uthibitisho zinatumwa kwenye laini uliyosajilia akaunti. Kama laini hiyo imepotea, pitia kwanza kwa mtandao wako wa simu, weka kidole, wakurudishie namba ileile, halafu ndiyo uje Ngamiani.