Mapera pori ya Amani tuyale, ila tusiyapande

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na wenzangu wa Muheza na Tanga yote kuhusu matunda yanayoozea tu kule milimani Amani. Watu wanadhani kila kilichoota msituni kipo tangu enzi za mababu, hapana jamani, Wajerumani walianzisha kituo cha Amani mwaka 1902 wakaleta miti toka kila pembe waone ipi itawapa hela, mingine ikatulia ilipopandwa, mingine ikaingia msituni ikaanza kuisonga miti ya asili, kama ile miti ya misizi, ndege aina ya hondohondo wanameza matunda yake wanaenda kudondosha mbegu mbali huko. Kuna na yale mapera madogo mekundu ambayo asili yake Brazil, na kile kichaka cha majani ya manyoya manyoya, wataalam wanakiita Clidemia hirta, vitunda vyake ukila ulimi unabaki bluu.

Vyote viwili vinalika, na tunda ukiliwahi kabla ya ndege na nyani basi mbegu haifiki mbali. Lakini mtu akila na mbegu zake akaenda kujisaidia porini amefanya kazi ile ile ya hondohondo, kwa hiyo bora juisi au jemu, chemsha, chuja, mbegu zichome kabisa usizitupe jalalani. Na hiyo mipera ukikata tu inachipua tena, lazima ing'olewe na mizizi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni biashara, maana jemu ikishika soko pale Tanga mjini kuna mtu ataotesha miche nyuma ya nyumba yake na hapo tumeharibu kabisa.

Halafu tusile kila kitu. Kile kichaka cha lantana vitunda vyake vibichi vina sumu, hata ng'ombe akila majani yake anaumwa, na kando ya mashamba ya chai yanayopigwa dawa usichume chochote.

Amani ni hifadhi tangu 1997, huwezi kujiingilia tu na ndoo yako. Ombi langu kwa wahusika, wapange siku kina mama wa vijiji vya jirani waingie pamoja na wahifadhi, waonyeshwe mti gani ni upi, wachume, wang'oe miche, waondoke na matunda yao bila kutozwa hata senti, na waanze msimu huu huu kabla mapera hayajaanza kudondoka.

Msomaji wenu, Muheza