Kumlipa mwenye ghala si kumlipa mwenye mali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu huduma za kuhifadhi na kugawana mafaili kwa malipo kwenye intaneti, ambazo vijana wengi hapa Tanga wanazitumia wakiamini kwamba kitu kikishalipiwa hakiwezi tena kuwa cha wizi.

Mimi ni mpiga video za harusi. Mwezi uliopita niliingia katika kibanda kimoja cha Ngamiani, ambako watu hujaziwa nyimbo na filamu kwenye flashi, nikamkuta kijana akipakua video ya kinanda, yaani onyesho la taarabu, niliyoirekodi mwenyewe, jina langu likiwa bado limeandikwa pembeni mwa picha. Nilipomuuliza alikoipata, alinijibu kwa adabu, "Mzee wangu, hii si ya wizi, nalipia kila mwezi." Akanionyesha na ujumbe wa malipo kwenye simu. Kisha akanieleza kwamba asiyelipa huwekewa saa ya kumsubirisha, na faili lake hushuka kwa kudonadona kama maji ya bomba siku za mgawo; aliyelipa, faili limekwisha kushuka kabla hajamrudishia mteja chenji.

Alisema kweli kwamba analipa. Lakini alichokinunua ni kasi. Fedha yake inaishia kwa mwenye ghala, yaani mwenye huduma ya kuhifadhi mafaili, na waimbaji, wapiga ala na mimi niliyekesha na kamera hatukuonja hata senti.

Hapa inafaa niwe mwadilifu, kwa sababu ghala lenyewe si kosa. Mimi pia nalipia la kwangu tangu diski iliponifia na harusi tatu ndani yake (wenye harusi hizo hadi leo tukikutana sokoni hawanitazami vizuri). Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haimlazimishi mwenye kuhifadhi achungulie kila kinachowekwa kwake, ila inamtaka achukue hatua anapojua kuna jambo la haramu au anapoamriwa na mamlaka. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo iliamua Juni 2021 kwamba mwenye jukwaa hahesabiwi kuwa ndiye anayesambaza kazi ya mtu kwa sababu tu ametoa mahali pa kuiweka. Anahesabiwa hivyo iwapo anachangia zaidi ya hapo, kwa mfano akijua kazi fulani imewekwa kinyume cha sheria naye asiiondoe haraka.

Kinachonitia shaka ni ghala linalomtuza mtu kwa kuleta mali isiyo yake. Waendesha mashtaka wa Marekani waliishtaki Megaupload, iliyokuwa huduma ya kuhifadhi na kugawana mafaili, mwezi Januari 2012 wakidai, pamoja na mengine, kwamba iliwalipa watu ambao mafaili yao yalipakuliwa sana, dai ambalo mwanzilishi wake, Kim Dotcom, amelipinga miaka yote. Sitaki kumhukumu mtu kupitia barua hii, lakini anayenitoza kwa kutunza vitu vyangu ana biashara tofauti na anayemlipa mgeni ili alete vyangu. Na Megaupload ilipofungwa, waliokuwa wameweka picha na kazi zao halali walikosa kuzifikia sawasawa na walioweka filamu za wizi. Mwenye kuchagua ghala na alifikirie hilo pia.

Kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi mamlaka ya kuruhusu kazi yake inakiliwe na kusambazwa, na risiti ya mtu wa tatu haichukui nafasi ya ruhusa hiyo. Ningeiomba COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, ifike kwenye vibanda hivi na kueleza jambo hili kwa lugha ya pale pale kibandani, kwa sababu kijana niliyemkuta hakuwa mwizi wa kukusudia.

Niliwaandikia wenye huduma ile nikiambatisha video ya awali, na baada ya siku nne kiungo kiliondolewa. Wiki iliyofuata kinanda kilekile kilirudi kwa jina lingine. Kijana wa kibanda, kwa upande wake, alilifuta faili mbele ya macho yangu, akaniuliza kama ninazo nyingine za kumuuzia. Bado hatujapatana bei.

Mpiga video,
Ngamiani, Tanga