Mdogo wangu, kabla hamjalipia hiyo fremu

Mdogo wangu,

Sisi huku Moshi hatujambo, hofu ni kwenu mlio mbali na kwenye baridi.

Habari za mgahawa mnaotaka kufungua wewe na kaka huko Detroit zimenifikia, na nimefurahi sana. Nakuandikia hadharani kwa kuwa si ninyi peke yenu. Ndugu wengi wa kwetu walioko ughaibuni wanachanga akiba kwa ndoto hiyohiyo, na wanaona haya kuulizana nani atamiliki nini.

Kuna picha ulinitumia umesimama Lafayette Boulevard, nyuma yako migahawa miwili imepakana ukuta kwa ukuta: American Coney Island na Lafayette Coney Island. Uliniuliza kwa nini yote inauza kitu kimoja. Ni kwa sababu ilianzishwa na ndugu wawili wa Kigiriki: American ni wa Gust Keros, Lafayette ni wa Bill.

Hapa kwetu Wagiriki tuliwajua kama wenye mashamba ya mkonge na kahawa. Gust Keros hakuwa na shamba. Alitoka kijijini Ugiriki mwanzoni mwa karne ya 20, akafagia sakafu za watu, akasafisha kofia na kupiga viatu rangi, hadi mwaka 1917 alipoanza kuuza soseji. Ford, mwenye kiwanda cha magari mjini humo, alikuwa ameshaanza, tangu 1914, kulipa wafanyakazi dola 5 kwa siku. Mji ulijaa watu waliotoka zamu wana njaa, wana hela na hawana muda. Kwa hiyo chakula kilikuwa hivi: mkate laini uliopashwa kwa mvuke, soseji ndani, juu yake nyama ya kusaga yenye viungo bila maharage, haradali, na kitunguu kibichi kilichokatwakatwa. Mteja hajakaa vizuri, sahani ipo mbele yake. Wahudumu wa pale mpaka leo wanasifika kwa kupanga sahani juu ya mkono mmoja, kuanzia kiganjani kupanda hadi kwenye kiwiko.

Mdogo wake, Bill, alikuwa naye katika kazi. Inasimuliwa kwamba walishindwa kuelewana juu ya biashara, na Bill akafungua wa kwake mlango wa pili. Wa Gust bado uko mikononi mwa ukoo wake. Wa Bill, ukoo uliuachia kwa wafanyakazi mwaka 1991. Wateja walipata migahawa miwili, sawa, lakini mimi nikiitazama ile picha naona mama mmoja mwenye watoto wawili.

Usidhani nasema msifanye biashara na ndugu. Wagiriki wale wangemtegemea nani mwingine? Mwaka 1924 sheria ya Marekani ilibana uhamiaji wao hadi nafasi 100 tu kwa mwaka. Aliyekwisha kufika alimshika mkono wa kwao, akamweka kwenye karo la vyombo, kisha jikoni, kisha kaunta, mpaka naye akafungua wake. Nicholas Lambrinides, Mgiriki mwingine, kule mji wa Cincinnati, alifanya kazi kwenye mgahawa wa watu wengine, Empress, kabla ya kufungua mgahawa wake, Skyline, mwaka 1949 pamoja na wanawe. Chakula chao ni tambi zilizomwagiwa mchuzi wa nyama ya kusaga, na mchuzi ule una mdalasini. Ungeusikia ungedhani mtu kafunua sufuria ya pilau. Kwa hiyo msiogope kuweka iliki na karafuu zenu kwenye chakula ambacho watu wa huko wanakijua.

Ninachokuomba ni karatasi. Kaeni wawili, mezani, mkiwa bado mnapendana hivi. Andikeni nani ametoa shilingi ngapi, nani anashika fedha za mauzo, nani analipwa mshahara na nani anasubiri faida. Mmoja akitaka kujitoa, sehemu yake itathaminiwaje? Wake zenu wakipika, watalipwa? Hilo la mwisho liandikeni kwa herufi kubwa, maana jiko la familia hula nguvu za wanawake na hakuna anayezihesabu. Kisha mtafuteni mwanasheria awasainishe.

Kaka atanuna, namjua. Atasema tumelala kitanda kimoja, karatasi ya nini. Mwambie mimi ndiye niliyeitaka, na kwamba mchango wangu mlionitaka niutume utatoka siku nitakapoiona hiyo karatasi ina sahihi zenu wote wawili.

Wasalimie watoto.

Dada yako