Kwa mdogo wangu uliyeko Muscat: lile gemu halikuwa takataka

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo yako haikuja. Uliingia kwenye kundi la familia usiku, ukaandika kwamba kijana wako anakusumbua umnunulie gemu la Spider-Man, kisha ukaongeza kwamba magemu yote ya filamu ni takataka, "hata lile la marehemu", yaani Spider-Man 2 alilokuwa akilicheza marehemu ndugu yako. Mama mdogo akasoma. Dada zako wakasoma. Hakuna aliyejibu, na kulipokucha wakatuma picha za maua na salamu za Ijumaa. Mimi nimeshindwa kunyamaza. Na kwa kuwa ulilisema mbele za watu, nakujibu mbele za watu.

Sikatai kila ulichosema. Magemu ya filamu yana sifa mbaya na yameichuma yenyewe. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilitoa gemu la filamu ya E.T., na Howard Scott Warshaw alipewa kama wiki tano tu kulitengeneza, kwa sababu lilitakiwa liwe madukani kabla ya Krismasi. Watu wakalinunua, wakakasirika, na kaseti kwa maelfu zikaenda kufukiwa kwenye jalala la Alamogordo, New Mexico, hadi zilipofukuliwa 2014. Ugonjwa huwa ni huo huo: tarehe ya filamu haisogei. Mabango yameshabandikwa, matangazo yameshalipiwa, basi watengenezaji wa gemu wanakata wasichomaliza na kuuza kilichopo. Ndiyo maana gemu la GoldenEye 007 la mashine ya Nintendo 64, ambalo watu wanalisifu mpaka leo, lilitoka Agosti 1997 wakati filamu yake ilishaonyeshwa tangu Novemba 1995. Wale walipewa muda.

Lakini Spider-Man 2 lilitoka mwishoni mwa Juni 2004, siku zile zile za filamu ya Sam Raimi, na bado likatoka zuri. Hilo ndilo linaloniuma ukilichanganya na mengine. Treyarch, kampuni iliyolitengeneza, walikuwa wameshatengeneza la kwanza, la 2002, na mle Spider-Man alikuwa akirusha utando ukanasa juu mawinguni, pasipo na kitu. Kwenye la pili mtu mmoja wa Treyarch, Jamie Fristrom, akashikilia wazo kwamba kila utando unase kwenye jengo kweli. Ukibonyeza na pembeni yako kuna ghorofa, unabembea. Ukibonyeza na hakuna ghorofa, unaanguka. Ukiachia chini kabisa ya bembea unakwenda mbele kwa kasi. Ukiachia juu unarushwa angani, na hapo una nukta chache za kuchagua jengo linalofuata. Manhattan nzima imefunguliwa mbele yako, unapanda Empire State Building kwa mikono na miguu, unajirusha, na hakuna anayekuuliza unakwenda wapi.

Wewe hukucheza hilo. Nimelisema hili mara nyingi na kila mara unakata simu au unabadilisha mazungumzo, basi leo lisome. Wewe ulicheza la kompyuta, kwa rafiki yako wa Chumbageni, hapa Tanga. Jina lile lile, mwaka ule ule, uso ule ule wa filamu kwenye kava, lakini Treyarch hawakuligusa. Lilitengenezwa na kampuni nyingine, The Fizz Factor, likakusudiwa watoto wadogo. Mle hakuna mji wa kuzurura. Utando unanasa pale tu walipokuwekea alama, na njia ni moja mpaka mwisho. Watu wengi duniani walilinunua wakidhani ni lile lile la PlayStation 2 (PS2), mashine aliyokuwa nayo marehemu, wakajiona wametapeliwa, na mpaka leo ukisoma maoni yao utakuta hasira haijapoa. Wana haki. Hata wewe ulikuwa na haki ya kukasirika. Lakini ulirudi nyumbani Barabara ya Kumi na Mbili umeshatoa hukumu, ukakaa dakika chache kwenye mkeka, ukaona marehemu anakimbiza puto la mtoto, ukacheka, ukatoka.

Hilo puto! Najua wachezaji wengi hawalipendi. Mtoto kapoteza puto lake, analia kwa sauti inayotoboa masikio, nawe inabidi uparamie majengo ulikamate kabla halijapotea juu. Kisha kona inayofuata mtoto mwingine, puto jingine, kilio kile kile. Malalamiko makubwa ya waliolicheza ni hayo: kazi za mitaani zinajirudia. Boti inazama, benki inaibiwa, mtu ananing'inia ukutani, na mchezo hautaki kukufungulia sura inayofuata mpaka ukusanye pointi za ushujaa, kwa hiyo unalazimika kuyafanya. Ni kweli, nayakubali. Kuna na zile piza za kupeleka kwa muda uliohesabiwa, muziki wa Kiitalia ukikimbia masikioni, ukitua vibaya piza zinavurugika. Wengine walitupa pedi ya kuchezea kwa hasira. Marehemu alizipenda. Alikuwa akinipa mimi pedi nizipeleke, yeye ananielekeza, "kulia, dada, kulia, shuka!", na mama mdogo anauliza jikoni nani anapigana.

Unakumbuka siku ya Mysterio dukani? Hapana, hukuwepo. Yule adui anatangaza makubwa, mstari wa nguvu zake unajaa, unajaa tena, unajaa tena, wewe unajiandaa kwa vita ya usiku kucha, kumbe ngumi moja tu inamlaza. Marehemu alicheka mpaka akashikwa na kifua na mama mdogo akaja na maji.

Nataka uelewe kwa nini hayo malalamiko ya kujirudia hayakumgusa. Wewe ni ndugu yake tumbo moja, unaijua seli mundu kuliko mimi. Unajua hakuruhusiwa kukimbia, hakuruhusiwa kuoga maji ya baridi, mpira aliutazama dirishani. Banda la gemu la mtaani nalo lilikuwa la kusimama foleni juani, na mimi mtoto wa kike nisingeruhusiwa kulikanyaga. Mashine ile aliyoileta baba mdogo ndiyo iliyotukutanisha. Marehemu aliwasha gemu na hakugusa misheni. Alibembea tu. Alipita juu ya barabara moja hadi nyingine mpaka mtoni, akageuka, akarudi. Nilimwambia amalize hadithi, amfikie adui mkuu, Doctor Octopus, kama ninavyofanya mimi. Akasema hadithi ameshaiona kwenye filamu. Mwaka 2006, ule wa ukame na mgao, umeme ulikuwa ukirudi usiku wa manane naye anaamka, anawasha kwa sauti ya chini, anabembea. Asubuhi macho mekundu. Pointi zake zote alinunulia kasi ya kubembea, akabaki na ngumi za mwanzo kabisa.

Na ulimpenda. Sitaki msomaji yeyote adhani vinginevyo. Ulimtolea damu, ulilala kwenye benchi nje ya wodi, ulimbeba mgongoni ile siku teksi ilipokwama kwenye maji. Nilikuona. Nilimwambia kila aliyeniuliza kwamba katika ukoo wetu hakuna kijana aliyemhudumia ndugu yake kama wewe. Maneno hayo nayasema mpaka leo na sitayafuta.

Lakini siku ya arobaini nilikuona pia.

Mazulia yalikuwa bado chini, sufuria za pilau hazijaoshwa. Yule fundi uliyemuuzia mashine alikuja kwa mlango wa uani. Akaunganisha mashine kwenye televisheni ajaribu kama nzima. Mimi nilikuwa natoka jikoni na sinia la vikombe. Kwenye kioo ikafunguka ile kadi ya kuhifadhia mchezo ulipofikia, yenye megabaiti 8, na mafaili yake, na tarehe ya kila faili. Faili la Spider-Man lilikuwa na tarehe ya wiki ile aliyolazwa. Fundi akakuuliza aiache au afute ili iwe safi kwa mteja. Hukuinua hata uso. Ukasema, "Futa tu, gemu lenyewe la filamu."

Akafuta. Mimi na sinia mkononi, maandishi ya kusubiri kwenye kioo, wewe unahesabu noti. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Miaka yake yote ya usiku wa manane ilikuwa mle ndani, kasi aliyoinunua puto kwa puto, nawe ukaitoa kwa maneno sita.

Ulisema baadaye kulikuwa na deni la dawa. Najua deni lilikuwepo. Fedha ile ningekupa mimi, nilikuwa nimeshaanza kazi, ungeniambia tu. Mashine ungeiuza, sawa, mashine ni plastiki. Kadi ile ni ndogo, inaingia kwenye mfuko wa shati. Ungeichomoa ukampa fundi mashine bila kadi, naye angeichukua vilevile, kadi mpya zilikuwa zinauzwa kila duka. Haikuhitaji hata shilingi moja. Ilihitaji uulize tu.

Watu wanasema namlilia mtu au nalilia gemu? Shangazi aliniuliza hivyo waziwazi. Wewe mwenyewe ulimwambia mama mdogo kwamba niliondoka siku ya arobaini bila kula, na kwamba sikuja harusini kwako kwa sababu ya "mchezo wa watoto". Sikuja, ndiyo. Nilituma kitenge na sufuria, nikampigia bibi harusi nikamtakia heri, na nikamweleza mama mdogo sababu, akanishika mkono asiseme neno. Nisingeweza kukaa ukumbini nikapiga vigelegele na moyo wangu uko vile. Kuja na uso wa uongo kungekuwa kukudharau. Wengine walikuja, wakala, wakakusema wakiwa njiani. Mimi nilikaa kwangu, na zaidi ya mama mdogo ubaya wako sikumwambia mtu mpaka leo unaponilazimisha. Mkubwa akiumizwa na mdogo, akanyamaza miaka yote hii, haitwi mwenye kinyongo.

Sasa kuhusu mtoto, maana ndilo uliloulizia. Usimnunulie chochote kwa kuangalia kava. Ukienda Ruwi kwenye maduka yale, uliza limetengenezwa na nani na ni la mashine gani, kisha utazame kwa macho yako likichezwa. Kama mna PS4, chukua Marvel's Spider-Man la kampuni ya Insomniac la 2018. Si la filamu, hadithi yake ni yao wenyewe, lakini kubembea kwake kumeshika misingi ile ile, utando unanasa kwenye majengo. Wachezaji waliidai sana ile suti ya filamu za Raimi mpaka ikaongezwa Desemba 2018, bure. Watu hawadai suti ya filamu ambayo magemu yake waliyaona takataka. Kama mna PS5, lipo la 2023, na humo kuna sehemu ya mipangilio ambapo unaweza kupunguza ule msaada wa kubembea na kuwasha maumivu ya kuanguka. Punguza msaada hadi sifuri. Mwache aanguke ajifunze, ndivyo nilivyojifunza mimi, na ndivyo marehemu alivyofundishwa na ile sauti ya mwigizaji Bruce Campbell inayokukejeli kila unapogusa alama ya maelekezo. Usimkatishe akiwa hamalizi misheni. Usimwambie anapoteza muda. Mimi sikumkatisha marehemu hata mara moja, hata mtihani wa kidato cha nne ulipokaribia na nyote mkanilaumu kwamba ninamdekeza, na sioni hadi leo kwamba ningefanya vinginevyo. Aliipata furaha ile kwa sababu kulikuwa na mtu mmoja ndani ya nyumba aliyekaa naye akatazama.

Sidi yake ninayo. Uliniuliza mwaka jana nikakwambia sijui, sasa nakwambia: mama mdogo alinipa mwenyewe, mkononi, usiku ule ule wa arobaini, ameifunga kwenye leso. Fundi aliisahau ndani ya kava nyingine. Ina mikwaruzo lakini inasoma. Nimepata PS2 ya mtumba hapa Tanga na kadi tupu. Mlete kijana likizo ya shule, nitampokea stendi mwenyewe, atalala kwangu chumba cha mbele, na akitaka kucheza atacheza. Mama yake nimeshampigia, amekubali. Imebaki tiketi, na hiyo ni juu yako.