Cocktail ya The Dude siyo maziwa ya pakti na vodka jamani

Sisi tunachanganya vinywaji kwenye sherehe za watu, na juzi naamka nakuta kwenye status ya mteja wetu picha ya glasi imejaa mabonge ya maziwa, chini kaandika "nimepigwa". Hii ni mara ya tatu mwaka huu na kesi ni ile ile, mteja anataka kubadilisha vitu vya kwenye cocktail, kwa hiyo leo acha niongee.

Kinywaji chenyewe ni White Russian, anayokunywa The Dude mwanzo mwisho kwenye filamu ya The Big Lebowski ya 1998, Jeff Bridges na joho lake la bafuni. Yake ni vodka, pombe tamu ya kahawa na krimu, basi. Sisi tunaongeza sirapu ya iliki, kijiti cha mdalasini na karafuu mbili, mbili tu, ukizidisha mdomo unakufa ganzi kama umetoka kung'oa jino, halafu kungumanga tunakuna juu mbele yako. Vodka mili 50, pombe ya kahawa 20, krimu 30, sirapu 10.

Huyu dada wa status alikuwa na bethdei ya mumewe, watu 40, akaona 15,000 kwa glasi tunamuua, akasema krimu ataleta mwenyewe. Na hoja yake ilinichekesha kweli: kwenye filamu jamaa kaenda supamaketi na joho lake akanunua katoni, akaandika cheki ya senti 69, sasa nyie krimu yenu ya dhahabu? Dada yangu, ile ni Los Angeles ya 1991, halafu katoni ile ni krimu iliyochanganywa nusu kwa nusu na maziwa. Wewe umeleta maziwa ya pakti yaliyopunguzwa mafuta, yameshinda kwenye buti ya gari.

Tukamwambia, akasema hamna shida. Labda yangevumilia kidogo, ila akatokea shangazi yake na kikombe cha maji ya tangawizi mbichi, "si mnasema viungo, wekeni na hii", kamimina mwenyewe kwenye jagi la maziwa na jagi likakaa mezani saa nzima na joto hili la Dar. Aliyewahi kupika chai ya maziwa anajua, tangawizi mbichi inakata maziwa, ndiyo maana unaichemsha kwanza. Glasi 11 zikamwagwa, vodka na kahawa yake humo humo, wakati krimu ya watu wote 40 haifiki hata lita 1 na robo! Piga hesabu mwenyewe nani kampiga nani.

Mwingine wa send-off alituletea krimu ya kupambia keki, ile ya mafuta ya mimea, tayari ina sukari. Ilikaa juu kama povu la sabuni na chini kinywaji cheusi, bibi harusi akawa anaila na kijiko. Na kamati moja ya harusi walitaka tutie Konyagi badala ya vodka. Mimi Konyagi naipenda, ila ina ladha yake, iliki hausikii tena.

Watu wanaona glasi tu hawaoni jana yake. Sirapu inapikwa siku moja kabla, iliki zinapondwa na maganda yake, inalala usiku kucha ndipo inachujwa na kitambaa. Ukitupia masala ya chai ya unga utakunywa mchanga. Krimu inasafiri kwenye barafu na tunaipiga kwa mkono pale pale, kidogo tu, iwe nzito ila bado inamiminika juu ya mgongo wa kijiko, ikizidi inakuwa siagi. Kijana wangu aliniharibia lita nzima hivyo, nikalipa mimi, mteja hakujua.

Ukitaka bei ishuke punguza glasi, usiguse krimu. Kila mgeni moja baada ya chakula inatosha, ni nzito hii, wanaotaka kuendelea wanywe juisi na bia zao. Na shangazi mtafutieni kiti mbali na jagi.