Tunaogopa mnara, simu tunailaza na mtoto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu mionzi ya simu na watoto wetu wa Tanga. Mnara wa simu ukisimamishwa karibu na nyumba za watu, iwe Makorora au Mikanjuni, wazazi huingiwa na hofu, na siwalaumu. Kinachoniumiza ni kwamba usiku mtoto huachiwa simu chini ya mto.

Mawimbi hufifia upesi: umbali ukiwa mara mbili, nguvu hubaki robo. Mnara uko makumi ya mita. Simu iko sentimeta moja tu kutoka kichwani. Fuvu la mtoto ni jembamba na ubongo wake una maji mengi kuliko wa mtu mzima, hivyo sehemu zilizo karibu na sikio hunyonya zaidi. Kikomo cha kimataifa cha nguvu zinazonyonywa na kichwa ni wati 2 kwa kila kilo ya nyama ya mwili. Simu nyingi hukuonyesha kiwango chake ukibonyeza *#07#, lakini hicho hupimwa simu ikitumia nguvu zake zote.

Na nguvu zote huzitumia lini? Mtandao unapokuwa hafifu. Chumbani, chini ya bati na kuta nene, penye kijiti kimoja cha mtandao, simu hupaza sauti ili ifike mnarani. Itoe barazani penye vijiti vinne, yenyewe hujishusha. Simu kwenye 2G, mtandao wa kizazi cha zamani, inaweza kurusha mapigo ya hadi wati 2, wakati ruta ya Wi-Fi ya nyumbani kwa kawaida hurusha sehemu ndogo tu ya hizo. Basi mzazi anayezima ruta kwa kuogopa mionzi, kisha mtoto akahamia kwenye bando mle chumbani, huenda amemwongezea badala ya kumpunguzia. Na zile stika za "kuzuia mionzi" msizinunue: stika ikiziba antena, simu huongeza nguvu.

Kama katuni haikwepeki, ipakueni mchana penye mtandao mzuri, kisha washeni alama ya ndege. Angalieni Wi-Fi na bluetooth, maana simu nyingine huziacha zikiwaka. Simu ikae juu ya kigoda, si mapajani. Mtoto akitaka kusema na bibi yake aliye Pemba, subirini simu ipokelewe, ndipo muweke spika ya nje; wakati wa kutafuta laini ndipo simu nyingi hurusha kwa nguvu.

Kuhusu ubongo wenyewe, tusitishane. Mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani (WHO) waliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la "huenda" yanasababisha saratani. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyoagizwa na WHO na kutolewa 2024 hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Wala haijathibitishwa kuwa mionzi hii hudumaza akili ya mtoto. Usingizi je? Mwongozo wa WHO wa 2019 unampa mtoto wa miaka 3 na 4 saa 10 hadi 13 za usingizi, na kutazama kioo cha simu au TV kusikozidi saa 1 kwa siku. Aliye chini ya miaka 2, asipewe kabisa. Mtoto anayetazama katuni hadi saa tano usiku na kuamshwa saa kumi na mbili asubuhi amelala saa 7. Hapo ubongo umeshapunjwa, hata simu ingekuwa haitoi wimbi hata moja. Na kujifunza maneno nako: mtoto akinyoosha kidole "boti!", mama humjibu "naam, boti ya Pemba hiyo, imebeba watu." Katuni haimjibu.

Kwa minara, ombi langu ni moja. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ina vifaa vya kupima. Vipimo vya kila mnara vibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa husika, kwa Kiswahili, pamoja na kikomo chake na tarehe ya kupimwa.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga